Mke ananilisha, ndugu wanasema nimelishwa

Swali: Shikamoo mzee. Nina miaka 38, naishi nyumba ya kupanga Makorora, Tanga, na mke na watoto 2. Kampuni niliyokuwa nikifanyia kazi ilipunguza watu, nami nikawemo. Sasa ni mwaka na miezi 4. Mke wangu ni muuguzi, mshahara wake ndio unaotulisha. Kwa kuwa mimi ndiye ninayeshinda nyumbani, napika, naogesha watoto, nafua. Nguo naanika usiku majirani wakishalala, na kabla ya adhana ya alfajiri nimeshazianua. Mwezi uliopita mama alikuja bila kupiga simu, akanikuta nimekalia mbuzi nakuna nazi. Alikaa chini akalia kama amefiwa. Anasema hata dini imekataa. Tangu siku hiyo ukoo mzima unasema nimelishwa limbwata, na mjomba anataka kunipeleka kwa mganga nikatapishwe. Barazani wananiita Mama Fulani, kwa jina la mwanangu wa kwanza. Mke wangu hanidharau, ila wenzake wa kazini walipokuja kutembea aliniomba nikae chumbani mpaka waondoke. Silali vizuri, na mambo ya chumbani yamekuwa magumu. Juzi aliniuliza chenji ya umeme iko wapi, nikajikuta nimenyanyua mkono. Sikumpiga, lakini niliogopa. Je, nimeacha kuwa mwanaume?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu.

Barua yako ina mengi, lakini mimi nilipofika kwenye ile nazi nilicheka, kisha nikanyamaza. Nilimkumbuka baba yangu.

Marehemu baba alikuwa mpishi. Alimpikia meneja wa shamba la mkonge upande wa Muheza miaka ya 1950, mpaka uhuru ukapatikana na bado yumo jikoni kwa yule bwana. Alioka mikate. Alijua supu ambazo mama hakuweza hata kuyatamka majina yake. Mashati ya kaki aliyapiga pasi ya mkaa mpaka mkunjo ukasimama kama makali ya kisu. Kijijini walimheshimu sana: mpishi wa Bwana Mkubwa, ndivyo alivyoitwa, na nadhani jina hilo ndilo lililompatia mke. Jioni akirudi nyumbani alivua kofia, akakaa kwenye kiti chake cha uvivu, akaita aletewe maji ya kunywa. Mtungi ulikuwa hatua 3 kutoka alipokaa. Sikumbuki hata siku moja kumwona amekaa jikoni kwetu. Mama alipolazwa kujifungua mdogo wetu wa mwisho, tulikula mihogo ya kuchoma ya jirani siku 4 mfululizo, na mpishi wa Bwana Mkubwa tumekaa naye mkekani, anaisubiri mihogo kama sisi.

Nimefanya kazi hii ya ushauri zaidi ya miaka 30 na mihogo ile haijanitoka. Baba alijua kupika kumshinda mama. Kushika sufuria hakukumtia aibu hata kidogo. Kilichomtia aibu ni kuishika bure, tena mahali ambapo ndugu zake wangemwona.

Toka nje leo jioni uangalie hapo mtaani. Anayekaanga chipsi ni nani? Anayechoma mishikaki? Kwenye harusi, yule anayesimama juu ya sufuria la pilau la watu 300, ameshika mwiko mrefu kama kasia, jasho linamtiririka, ni mwanaume, na bibi harusi hatolewi mpaka yeye aseme wali umeiva. Mabaharia wa majahazi wanapikiana wenyewe siku zote wawapo baharini. Vijana wa JKT wanafua, wanadeki na kupika kwa zamu, na wakirudi makwao tunasema jeshi limewatengeneza kuwa wanaume. Na dobi je? Dobi anafua kanga za wake za watu mchana kweupe, anazianika kando ya barabara, na hakuna anayemwita Mama Fulani. Wewe ya mkeo unaianika usiku.

Kwa hiyo swali lako nalijibu hapa hapa, tusisubirishane. Uanaume wako uko palepale. Kilichokoma ni kulipwa, na hilo ni tatizo la kweli, lakini ni tatizo la mfuko. Watu wanaokuzunguka wamelitoa mfukoni wakalipachika kwenye suruali.

Kwa nini linauma kiasi hicho basi? Kumbuka ulivyolelewa. Mtoto wa kiume wa pwani akiitwa huitika "naam", wa kike huitika "bee". Ukiwa na miaka 4 ukichanganya, ukaitika "bee" kama dada yako, wakubwa walicheka. Ukirudia, ulipata kofi la mdomo. Hakuna aliyekueleza sababu. Ulijua tu kwamba kuna mlango ulikaribia kuuingia ambao si wako. Ukakua kidogo, ukafukuzwa jikoni: mwanaume gani huyu anachungulia vyungu? Ukaanguka ukachubuka goti, ukaambiwa mwanaume halii. Mafunzo haya yaliingia kabla hujaanza kusoma, ndiyo maana leo una miaka 38 na moyo unadunda ukisikia hodi wakati umeshika ufagio.

Zamani mafunzo hayo yalikuwa na mwisho. Mwari alikaa kumbini, ngariba akafanya kazi yake, akafundishwa, akaimbiwa, akatoka na nguo mpya, na kuanzia hapo alikuwa mtu mzima. Hakuna aliyemrudisha kumbini kwa sababu amepoteza kazi. Sisemi jando lilikuwa peponi. Kuna watoto walioumia kule na hawakuruhusiwa hata kulia. Lakini mtihani ulikuwa mmoja. Siku hizi watoto wengi wanatahiriwa hospitali kwa dakika chache, jambo jema kwa afya, na mtihani wenyewe umehamia barazani. Unafanywa kila jioni, wasahihishaji ni wanywa kahawa, na cheti hakitolewi.

Sasa limbwata. Angalia linatajwa wakati gani. Mwanaume akimpiga mkewe, akamalizia mshahara baa, akasahau njia ya nyumbani, hakuna anayeuliza amelishwa nini. Hiyo inahesabiwa ndiyo afya yake. Akimfulia mkewe aliyetoka zamu ya usiku, ukoo unaitisha kikao. Maana yake, katika hesabu zetu, mapenzi na huruma ya mume kwa mke ni ugonjwa, na lazima awepo aliyeuleta.

Kwa huyo mganga wa mjomba usiende. Nalisema kwa msisitizo kuliko yote mengine. Dawa za kutapisha hazina kipimo kinachojulikana. Mtu hutapika mpaka maji na chumvi za mwili zikapungua, na figo zikaingia matatani. Halafu fikiria mbele kidogo. Utatapika, bila shaka, kila anayenyweshwa hutapika, na chochote kitakachotoka utaoneshwa kuwa ndilo limbwata lenyewe. Hapo mkeo atakuwa amehukumiwa uchawi bila kuulizwa neno, na wewe ndiye utakayekuwa ushahidi. Mwambie mjomba kwa adabu: "Mjomba, nashukuru kwa kunihurumia, lakini mimi ni mzima, ninachoumwa ni kukosa kazi. Kama una mtu wa kunipa kibarua bandarini, hata leo jioni tuondoke." Nadhani safari itaahirishwa.

Watakwambia ni mila. Mimi nina mashaka na umri wa mila hiyo. Mkonge uliletwa Tanganyika mwaka 1893 na Mjerumani, Dk. Richard Hindorf. Mwaka 1898 serikali ya Kijerumani ikaanzisha kodi ya nyumba, na fedha ya kodi ilibidi itafutwe. Ikatafutwa mashambani. Kwa miaka mingi wanaume walikuja huku Tanga kutoka Kigoma, Songea, Burundi na Msumbiji wakawa manamba, wengi bila wake zao. Nyuma walibaki wanawake na shamba, watoto na wazee. Hapo ndipo mwanaume alipogeuka kuwa yule anayeondoka na kurudi na fedha. Kabla yake wanaume walikuwa na mizigo mizito, kufyeka msitu, kujenga, kulinda, kutoa mahari, lakini chakula cha kila siku kilitoka shambani, na jembe lilishikwa na mwanamke kuliko mwanaume. Huyu "baba mtafutaji" tunayemwapia ni mtoto wa mshahara. Mshahara ukiondoka, anabaki yatima.

Na ameshawahi kubaki yatima, tena mama yako alikuwepo. Hukuniambia baba yako alifanya kazi gani, lakini kwa umri wako ulikuwa mtoto mashirika ya umma yalipobinafsishwa miaka ya 1990 na watu wakapunguzwa kwa maelfu. Hata kabla ya hapo, tangu miaka ya 1980, mshahara wa mfanyakazi wa mjini haukuweza kumaliza mwezi. Nyumba ngapi za Tanga zilisimama kwa vitumbua, kwa mikate ya kumimina, kwa samaki wa kukaanga waliouzwa na mama mlangoni? Ada ya shule ya msingi wakati ule ilikuwa bado inalipwa. Siku mama akiwa ametulia, muulize kwa upole yako ilitoka wapi. Usimuulize kwa kumkomesha. Muulize kwa sababu inawezekana naye alikuwa akimpa baba yako hela chini ya meza ili aonekane ametoa yeye, na siri hiyo ameibeba peke yake miaka 30. Kilio chake pale kwenye mbuzi huenda kilikuwa na mambo mengi kuliko ulivyodhani.

Mtafiti mmoja wa Denmark, Margrethe Silberschmidt, alikaa na watu wa Kisii, Kenya, kuanzia miaka ya 1980, baadaye akafanya utafiti Dar es Salaam pia. Alichokikuta ni wanaume waliobaki na cheo cha kichwa cha nyumba bila kipato cha kukibebea. Wengi waliitafuta heshima mahali pengine, kwenye pombe, nyumba ndogo na ngumi. Mimi nimewaona hao hao kwenye kiti cha ofisi yangu, mmoja baada ya mwingine, karibu wote wakiletwa na wake zao au na polisi. Wewe ulikwenda kwenye mbuzi ya nazi. Kati ya njia zote anazozishika mwanaume aliyekosa kazi, hiyo ndiyo imewagharimu wanao kidogo kabisa.

Kuhusu dini, mama ana nusu ya haki. Nafaqa, yaani matunzo ya mke, ni wajibu wa mume, na sheikh yeyote atakwambia hivyo. Ile nusu nyingine ndiyo aliyoiacha. Bi Aisha aliulizwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akifanya nini akiwa nyumbani, akajibu kwamba alikuwa katika kuwahudumia watu wa nyumbani kwake, na wakati wa sala ukifika hutoka kwenda kusali. Imo katika Bukhari. Humo humo yumo Bi Zaynab, mke wa Abdullah bin Mas'ud, aliyekuwa na uwezo kuliko mumewe. Akauliza kama anachomtumia mumewe kinahesabiwa sadaka. Akajibiwa kwamba ana thawabu mbili, ya udugu na ya sadaka. Mpe mama hadithi hizi kupitia kwa imamu wa msikitini kwenu, usimpe wewe. Mama hafundishwi dini na mtoto aliyemfundisha yeye kutawadha.

Hata sheria yetu ina tabia za mjomba. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 63, inamtaka mume amtunze mkewe kwa kadiri ya uwezo wake. Mke mwenye uwezo inamtaka amtunze mume pale tu mume anaposhindwa kutafuta riziki kwa sababu ya ugonjwa au ulemavu wa mwili au akili. Kupunguzwa kazi hakumo. Sheria ya Ajira ya 2004 nayo ilimpa baba siku 3 za likizo mtoto anapozaliwa, mama siku 84. Hizo 3 nadhani zilikusudiwa kuchinja na kupokea wageni. Lakini mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na mumewe Ally Sefu, ilisema kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa, zihesabiwe. Bi Hawa mwenyewe hakupata alichodai, hilo nalo nikwambie, ila neno lile limebaki na limewafaa wanawake wengi baada yake. Kama kupika, kufua na kulea vilikuwa na thamani mahakamani mwaka ule, sioni vinakosaje thamani vikifanywa na wewe.

Tuje kwa mkeo. Hapa ndipo barua yako iliponiuma, aliposema ukae chumbani. Usidhani anakuonea aibu. Anaogopa lake. Mwanamke ambaye mumewe anaonekana na ndoo anaitwa mtumikishaji, mshenzi, mwenye dawa. Wanaolinda mpaka huu si wanaume peke yao. Katika utafiti wa taifa wa afya na idadi ya watu wa 2015-16, waliosema kuna angalau sababu moja inayomhalalishia mume kumpiga mkewe walikuwa asilimia 58 ya wanawake, na wanaume asilimia 40. Rudia kuzisoma tarakimu hizo, hazijageuzwa. Wenzake wale wa kazini wangekwenda kusema wodini siku nzima, na yeye ndiye angekuwa zamu nao.

Zungumza naye siku yake ya mapumziko, asubuhi, watoto wakiwa nje. Usizungumze usiku anaporudi miguu imevimba. Muulize hasa anaogopa nini wageni wakija, umwache amalize. Halafu mwambie la kwako, kwamba siku ile chumbani ulihisi kama mtoto aliyefichwa. Sidhani kama analijua.

Na hela. Ile chenji ya umeme haikuwa chenji. Mtu mzima anayeomba nauli kila asubuhi, akaulizwa salio kila jioni, hata akiwa malaika ataota pembe. Kuomba ndiko kunakomaliza mtu kuliko kupewa. Mkubaliane hivi: mshahara ukiingia, siku hiyo hiyo hela ya matumizi ya mwezi inaingia kwenye simu yako, yote, unanunua wewe na kupanga wewe, na mwisho wa mwezi mnakaa na daftari mnaangalia pamoja. Ndani yake muweke kiasi kidogo chako, cha kahawa na vocha, ambacho huulizwi. Kiwe kidogo kweli, kiwe chako kweli. Nimeona ndoa zikipumua kwa jambo hili dogo kuliko kwa vikao vya wazee.

Usithubutu kukopa ili uonekane unatoa. Mikopo ya kausha damu inawapata wanaume wa aina yako haswa. Anakopa laki 2 aende na bahasha nzito kwenye harusi ya binamu, na baada ya miezi michache friji ya nyumbani imechukuliwa.

Chumbani: ni jambo la kawaida mno kwa mtu aliye kwenye hali yako. Mwili wenye hofu haukubali mambo hayo, na ukishindwa mara moja, mara ya pili unaingia ukiwa tayari unajipima. Jipime kwa namna nyingine. Kama jogoo bado anawika alfajiri ukiamka, lakini usiku anagoma, mara nyingi mishipa ni mizima na tatizo liko kwenye mawazo. Kama haamki wakati wowote, nenda ukapime sukari na presha, kwa sababu wakati mwingine hiyo ndiyo dalili ya kwanza kabisa ya magonjwa hayo. Supu ya pweza kunywa ukipenda, ni tamu, haina ubaya. Zile poda za kiganjani, vumbi la Kongo na ndugu zake, achana nazo. Baadhi ya bidhaa za namna hiyo zimewahi kukutwa zimechanganywa na dawa za hospitali bila kuandikwa popote, na mwenye moyo dhaifu au anayetumia dawa za moyo anaweza kufa nazo. Najua hospitali wanaume hatuendi. Mwezi Juni 2018 serikali ililazimika kuanzisha kampeni nzima, Furaha Yangu, kutubembeleza sisi wanaume tukapime virusi vya UKIMWI, wakati wake zetu walishapima kliniki siku nyingi.

Mkono ulioinuka sitaupitia haraka. Hukumpiga, na umeniandikia, yote mawili ni mema. Lakini mkono ule ulikuwa unatafuta njia ya mkato ya kurudi kwenye cheo. Kifungu cha 66 cha sheria ile ile ya ndoa kinasema hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kipigo, na hapo sheria haina tabia za mjomba. Mwambie mkeo kwa maneno: "Siku ile niliinua mkono. Nisamehe. Nikifanya tena, chukua watoto uondoke kwanza, tutazungumza baadaye." Ukiona damu inapanda, toka nje, zunguka mtaa mzima, rudi. Kuondoka kwenye ugomvi hakukupunguzii kitu.

Kuna jambo hukuliandika, nami nakuuliza waziwazi. Unapokosa usingizi usiku, mawazo ya kufa yanakujia? Ya kwamba wangekuwa afadhali bila wewe? Siulizi kwa kukutisha. Kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani za 2019, wanaume wanaojiua ni zaidi ya mara 2 ya wanawake, watu 12.6 katika kila 100,000 dhidi ya 5.4. Kama yanakuja, hata kwa mbali, mwambie mkeo leo, yeye ni muuguzi na ameyasikia kwa wengine, kisha nenda Bombo, hospitali ya rufaa ya mkoa, uulize huduma ya afya ya akili. Hata kama hayaji, mwezi wa usingizi mbovu unatosha kukupeleka huko.

Kazi endelea kuitafuta, kwa sababu unaitaka na kwa sababu watoto 2 kwa mshahara mmoja ni shida kwa yeyote, awe baba au mama anayeuleta. Sitakwambia ufungue biashara ya chapati. Najua umeshaambiwa mara 100. Ila jiwekee saa maalumu za kutafuta, asubuhi baada ya kumfikisha mtoto shule, na utoke umevaa vizuri. Jikoni pasije pakawa maficho. Nimewahi kumpata mmoja aliyekuwa akifua hata nguo safi ili asipige simu za kuomba kazi.

Nguo zako anza kuanika mchana. Usianze na kanga, anza na mashuka. Shuka halina mwenyewe. Wiki ya pili weka nguo za watoto. Kanga ya mkeo iende kambani wiki ya tatu, na mkubaliane kwanza. Majirani watatazama siku 2, ya tatu watapata jingine, mtaa wa Makorora haukosi habari.

Barazani, siku wakikuita Mama Fulani, itika. Itika "bee!" kwa sauti nzuri ya kuvuta, ukae, uagize kahawa, uwaulize nani kati yao leo amekula ubwabwa wa nazi, maana kwako umebaki. Sisi ni watu wa utani. Anayekasirika ndiye anayeliwa. Usipokasirika, mchezo unakosa ladha. Na usishangae mmoja wao, yule anayecheka kuliko wote, akakufuata pembeni siku moja kukuuliza unapikaje maharage yakalainika haraka. Hutokea.

Mama muite Ijumaa. Usimweleze kitu, mpikie. Mkeo awepo, watoto wawepo, na mbuzi ya nazi iwe palepale inapokaa siku zote, usiifiche chini ya kitanda. Akilia tena, mpe maji anawe uso, umpakulie. Pika samaki wa kupaka, mama wa Kitanga hakatai. Tui zito litie mwisho, koroga polepole bila kuacha mpaka lichemke, wala usiligeuzie kisogo hata kwa kupokea simu. Limbwata atakusamehe, lakini tui likikatika atalisema mpaka Idi.